Tarime Hadi Mugumu kwa Baiskeli: Safari Inayoharibika Asubuhi

Kila mwaka masika yakishakatika na barabara kukauka, swali ni lile lile. Linaletwa na walimu, vijana wa kwaya, mafundi wa Nyamongo, hata watumishi waliohamishiwa Mara juzi juzi: "Tuko kumi. Tunataka kutoka Tarime mjini hadi Mugumu kwa baiskeli, siku moja. Inawezekana?"

Inawezekana. Nimeipita njia hiyo mara nyingi, mara nyingine nikifika nacheka, mara moja nikifika juu ya Fuso, nimelala kwenye magunia ya mahindi. Nawajibu wote kwa pamoja hapa, maana nimechoka kurudia kwenye simu.

Wengi huanza kwa kuuliza baiskeli gani inafaa. Swali hilo lina nafasi yake, tutalifikia. Lakini katika watu niliowaona wakishindwa, walioangushwa na baiskeli ni wachache. Wengi waliangushwa na asubuhi. Tarime alfajiri kuna baridi, mtu anavaa koti, hasikii kiu, anapiga pedeli kwa furaha, maji hayagusi. Saa sita mchana yuko bonde la Mto Mara, jua linachoma, na mwili unamdai madeni ya saa tano zilizopita. Hapo hata ukimpa ndoo nzima ya maji, umechelewa.

## Ijueni njia kwanza

Barabara ya Tarime hadi Mugumu ina karibu kilomita 87. Igaweni vipande vitatu vichwani mwenu.

- Tarime hadi Nyamwaga. Migomba, kahawa, vilima vya kupanda na kushuka. Hewa nzuri. Hapa ndipo watu hujidanganya.
- Nyamwaga, Nyamongo, hadi daraja la Mto Mara. Kwa jumla mnateremka. Migomba inapungua, mawe na vumbi vinaongezeka, na magari makubwa yanayohudumia mgodi wa North Mara yanakuwa wenzenu wa njia.
- Darajani hadi Mugumu. Mmeingia wilaya ya Serengeti, kwa Wangoreme. Mnaanza kupanda tena, miti ni ya kutafuta, na jua limeshakomaa.

Angalieni mpangilio huo vizuri. Kwa kila mita 100 mnazoshuka, hewa huongezeka joto kwa karibu nyuzi 0.6. Yaani mnashuka kuelekea kwenye joto wakati saa nazo zinapanda kuelekea kwenye joto. Viwili vinakutana mtoni, na kutoka hapo mnatakiwa mpande.

Kupanda kuna ubaya wake wa pekee. Kwenye tambarare baiskeli inajitengenezea upepo, jasho linakauka, mwili unapoa. Mlimani mnakwenda mwendo wa mtu anayetembea, upepo hakuna, jasho linadondoka chini bila kufanya kazi yake. Ndiyo maana watu huzimia kwenye vilima vifupi vya mchana, wala si kwenye milima mirefu ya asubuhi.

Hali ya barabara hubadilika. Kuna sehemu zenye lami, kuna za changarawe, na kuna sehemu ambazo greda likipita leo wiki ijayo zimekuwa mawimbi. Ratiba ya mwaka jana msiitegemee. Jioni ya kuamkia safari, nendeni stendi ya Tarime mkawaulize madereva wa michomoko, yale magari madogo ya abiria. Wanalijua kila shimo, na wakikwambia "hapo pabovu mura," jueni pamekuwa pabovu kweli.

## Saa za jua la Mara

Wageni kutoka Dar es Salaam hukosea hapa. Sisi tuko magharibi zaidi kuliko wao, lakini saa ya ukutani ni moja. Kwa hiyo jua letu linachelewa. Mwezi wa saba linachomoza kama saa 12 na dakika 45 asubuhi, na linafika utosini karibu saa saba kasoro robo mchana. Saa sita kamili, ambayo wengi huiita mchana mkali, kwetu jua bado linapanda, na hewa yenyewe inafikia joto lake la juu kabisa baada ya hapo, kuelekea saa tisa.

Maana yake kwa safari ni hii: msiseme "tutapumzika saa tano mpaka saa saba, halafu tuendelee." Mtakuwa mmepumzika wakati wa nafuu na kuamka wakati wa moto. Mimi hupanga hivi:

1. Saa 12 kamili asubuhi: kukutana, kuhesabiana, kukagua breki na tairi.
2. Saa 12 na nusu: kuondoka. Mwanga unatosha kuona shimo.
3. Saa 2 na nusu: Nyamwaga. Chai, uji, kujaza chupa.
4. Kabla ya saa 4 na nusu: Nyamongo. Kujaza kila chombo mlichonacho.
5. Kabla ya saa 5: kuvuka daraja.
6. Saa 7 hadi saa 9 na robo: kivulini. Hakuna mjadala.
7. Kabla ya saa 12 jioni: Mugumu.

Hesabu hii inachukua mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ambao ni mwendo wa watu wa kawaida wenye baiskeli za kawaida. "Lakini sisi tuna nguvu, tunaweza kwenda 20!" Sawa. Fikeni mapema mtusubiri.

Na wekeni sharti moja kabla ya kuondoka, likubaliwe na wote wakiwa na akili timamu: ikifika saa 10 jioni bado zimebaki zaidi ya kilomita 20, mnapakia baiskeli kwenye gari. Sharti la namna hii likingoja kujadiliwa saa 10 yenyewe, atakayeshinda ni mwenye kiburi kuliko wote.

## Wasioenda

Nitasema wazi, hata kama kuna watakaonuna.

- Mwenye selimundu asiende. Kanda ya Ziwa ugonjwa huu ni wa wengi, na kukaukiwa maji pamoja na uchovu ni vitu viwili vinavyoamsha maumivu yake. Aje na gari la mizigo, awe mpiga picha wetu.
- Aliyekuwa na homa au kuharisha ndani ya wiki hiyo asiende, hata kama "nimeshapona." Mwili wake una deni la maji tangu nyumbani.
- Mwenye presha au sukari amwone daktari wake kwanza, amweleze kilomita na jua. Asimweleze tu "nafanya mazoezi." Baadhi ya dawa za presha zinatoa maji mwilini.
- Asiyewahi kuendesha zaidi ya kilomita 30 kwa siku asubiri. Wiki sita zinatosha kumwandaa: siku mbili za mwendo mfupi kila wiki, na Jumamosi moja ndefu inayokua polepole. Tarime kwenda Sirari mpakani na kurudi, karibu kilomita 40, ni kipimo kizuri. Ukirudi ukiwa unaweza kupika chakula chako mwenyewe, uko njiani.

Kuhusu wanawake, swali ninaloulizwa kwa kunong'onezwa, jibu ni fupi: waende. Wabebe khanga ya kujifunga mkishuka vijijini, basi. Katika kundi letu la mwisho, waliokunywa maji kwa wakati tangu asubuhi walikuwa akina mama watatu, na ndio waliotuvuta mchana.

## "Sina baiskeli ya gia, nina Phoenix"

Utafika. Baiskeli za chuma zisizo na gia zinabeba mikungu ya ndizi kutoka vilima vya Tarime hadi sokoni kila siku, na aliyezishika ni mtu wa miaka hamsini mwenye kandambili. Tofauti ni kwamba wewe utashuka na kusukuma kwenye vilima vikali. Sukuma. Anayesukuma mapema anafika na miguu yake. Anayeng'ang'ania kwenye kiti huku anayumba barabara nzima anafika na mkakamao wa misuli.

Jambo la muhimu ni kumpelekea fundi wiki moja kabla, wala si jana yake. Kila kitu kipya kwenye baiskeli kina siku mbili tatu za kuleta vituko. Mwambie akague:

- Breki zote mbili, za mbele na nyuma, na mipira yake. Phoenix yenye breki ya nyuma peke yake isiende.
- Spoku. Agonge moja moja kwa spana, asikilize. Inayolia tofauti imelegea.
- Gololi za gurudumu na za pedeli. Gurudumu likitikisika kushoto na kulia ukilishika, zimekwisha.
- Cheni na friwili. Cheni inayoruka ukikanyaga kwa nguvu itakuangusha mlimani.
- Urefu wa kiti. Ukikaa, kisigino kifike kwenye pedeli iliyo chini, mguu ukiwa umenyooka. Wengi wetu tunakaa chini mno, na magoti yanalia kilomita ya 50.

Kwa kundi zima bebeni: tyubu nne za saizi zenu, viraka na solusheni, pampu mbili (moja huharibika daima), spana namba 14 na 15, koleo, waya, kamba za mpira, na kipande cha tairi kuukuu cha kuzibia tairi likipasuka ubavuni. Vitu hivyo visiwekwe kwenye begi la mtu mmoja. Fundi akiwa kilomita tatu mbele na pampu zote, aliye nyuma afanye nini?

Nguo: shati jepesi la mikono mirefu, rangi ya kupauka. Kofia ngumu, na chini yake kitambaa kinachofunika shingo. Suruali isiyo na mshono mnene katikati. Mafuta ya mgando mapajani kabla ya kuondoka, na tena saa saba mkiwa kivulini. Msione aibu, mtaniombea.

## Kundi ni la anayechoka mapema

Watu wanane hadi kumi na wawili ndio kundi zuri. Wakizidi, wagawanyeni. Kabla hamjakanyaga pedeli, wapeni watu wanne kazi:

- Wa mbele. Huyu si mwenye mbio. Ni mwenye saa na subira. Kazi yake ni kuwazuia wenzake asubuhi.
- Mkia. Haachi mtu yeyote wa kundi nyuma yake. Akisimama mtu, naye anasimama.
- Fundi. Anakaa katikati.
- Mwenye dawa. Anakaa karibu na mkia, maana wagonjwa huonekana huko.

Aliye dhaifu kuliko wote msimweke mwisho. Mwekeni wa pili, nyuma ya kiongozi. Akiwa mwisho atakuwa anakimbizana na kundi siku nzima, na kila mnaposimama kumsubiri, akifika tu mnaondoka: nyinyi mmepumzika, yeye hajapumzika hata mara moja. Nimeona ndugu wakigombana kwa jambo hilo pale Nyamongo, mmoja akaitupa baiskeli mtaroni.

Endesheni kwa mstari mmoja, kushoto. Kwenye lami tambarare acheni mita mbili kati yenu. Kwenye changarawe acheni kumi, kwenye mteremko zaidi ya hapo. Atakayeona kitu apige kelele, na kila mmoja airudishe nyuma: "Shimo!" "Mchanga!" "Ng'ombe!" Anayetoka nyuma: "Gari!" Lori likipita kwenye vumbi, simameni kando, fungeni midomo kwa kitambaa, hesabuni hadi ishirini. Dereva wa gari la pili hawaoni ndani ya wingu lile.

Mkiweza, changeni mlipe bodaboda mmoja awafuate na madumu mawili ya lita 20. Ni gharama, najua. Ila ni nafuu kuliko kukodi gari saa nane mchana, wakati mwenye gari anaziona sura zenu.

## Maji, chumvi na tumbo

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kosa la kwanza ni kusubiri kiu. Wekeni kengele ya simu ya kiongozi ilie kila baada ya dakika 20, kuanzia mnapotoka Tarime mjini, baridi au si baridi. Ikilia, kila mtu anakunywa mafunda manne au matano. Watu watalalamika kilomita ya kumi. "Sina kiu, na sasa nitakojoa njia nzima." Vizuri sana, ndicho tunachokitaka. Asubuhi lengo ni nusu lita kwa saa. Kuanzia Nyamongo ni robo tatu ya lita, na kwenye vilima vya mchana hata lita nzima ikikubalika tumboni.

Kosa la pili ni maji matupu. Jasho lina chumvi, mmeyaona madoa meupe mgongoni mwa shati. Mtu akimwaga chumvi kutwa na kurudisha maji peke yake, damu inakuwa nyepesi mno, na dalili zake zinafanana na za kukaukiwa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Wenzake wanadhani ana kiu, wanamwongezea maji, anazidi. Kwa hiyo kila chupa ya pili iwe na chumvi na sukari. Pakiti za ORS zipo dukani na zahanati. Zikikosekana, changanyeni wenyewe:

- Maji safi lita 1.
- Sukari vijiko vya chai 6, vilivyosawazishwa kwa kisu.
- Chumvi nusu kijiko cha chai.

Msikadirie chumvi kwa vidole. Onjeni: isizidi ladha ya machozi. Ikiwa kali kuliko hapo, mwageni muanze upya.

Kipimo cha kujua kama mnakunywa vya kutosha mnacho wenyewe. Mkojo ukiwa wa rangi ya majani makavu, endeleeni. Ukiwa kama chai ya rangi, simameni kivulini mnywe. Na mtu aliyefika saa sita hajakojoa tangu Tarime, huyo hasogei hata hatua moja mpaka mambo yabadilike.

"Je, tuchote mtoni?" Hapana. Mto Mara unatoka misitu ya Mau huko Kenya na umepita vijiji, mifugo na wanyama wa hifadhi kabla haujafika kwenu. Kuuchemsha kungeua vijidudu, lakini hamtakuwa na muda huo. Na vijito vya maeneo ya machimbo msivichote kabisa: wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na zebaki haiondoki kwa kuchemsha. Tena mtoni kuna mamba na viboko. Kila safari kuna kijana mmoja anayetaka kushuka kunawa uso. Mshikeni shati.

Chakula kiwe kidogo kidogo. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, chapati, karanga zenye chumvi. Nyamwaga pateni uji wa ulezi na sukari, unakaa tumboni bila kusumbua. Soda moja si dhambi. Vinywaji vya kuongeza nguvu viacheni dukani, vinaupeleka mbio moyo ambao tayari unakimbia.

Nyamongo ndipo penye mtego. Kuna nyama choma nzuri, mna njaa, mna pesa ya safari, na harufu inawafuata barabarani. Kikundi kimoja nilichokuwa nacho kiliagiza nusu mbuzi saa nne asubuhi. Kilima cha kwanza baada ya daraja, tuliirudisha nyama yote kando ya barabara, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima, kama watu waliopanga foleni. Damu haiwezi kuwa miguuni, kwenye ngozi na tumboni kwa wakati mmoja. Nyama ni ya Mugumu.

Onyo la mwisho hapa, na ni zito: msimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi "ili miguu isiume." Dawa hizo kwa mtu aliyekaukiwa maji huumiza figo. Mguu ukiuma, pumzika.

## Kushuka kuelekea mtoni

Watu huogopa kupanda, ilhali majeruhi wengi ninaowakumbuka waliumia wakishuka.

Mara ya kwanza nilipoteremka kuelekea Nyamongo nilikaba breki ya nyuma mwanzo hadi mwisho, kwa woga. Chini, nikiwa najisifu moyoni, nikasikia *fyuuu*. Niligusa rimu nikaondoa mkono haraka: ilikuwa ya moto kama sufuria. Fundi wetu alipoitoa tyubu, kiraka nilichobandikiwa wiki iliyopita kilikuwa kimeteleza, solusheni yake imelainika na kunyooka kama ute wa bamia. Breki hubadilisha mwendo kuwa joto, na joto lile lote lilikwenda kwenye rimu.

Kwa hiyo:

1. Kaba, achia, kaba, achia. Rimu ipate kupumua.
2. Tumia breki zote mbili. Ya mbele ina nguvu zaidi, ila ikabwe taratibu kwenye changarawe.
3. Punguza mwendo kabla ya kona. Ukikaba ndani ya kona yenye kokoto, utakwenda chini ubavu.
4. Kaa nyuma kidogo kwenye kiti, pedeli zikiwa usawa, magoti yamelegea.
5. Tazama unakotaka kwenda. Ukilikodolea macho shimo, utaingia humo humo.
6. Katikati ya mteremko mrefu, simameni dakika tano mguse rimu kwa kidole kilicholoa mate. Ikichachatika, subirini.

Wabeba ndizi mtawaona wakikanyaga tairi kwa kandambili kupunguza mwendo. Msiige. Wao walianza wakiwa na miaka kumi.

Mkipita karibu na mgodi, msisimame kupiga picha kwenye uzio wala mageti. Salimieni, piteni.

## Joto likimpata mwenzenu

Dalili za mwanzo hazionekani kwa anayeumwa, zinaonekana kwa wenzake. Ninayoiamini kuliko zote: msemaji wa kundi akinyamaza. Mwaka mmoja tulikuwa na jamaa aliyetutania tangu Tarime, hana breki ya mdomo. Tulipovuka daraja akanyamaza. Tukashukuru Mungu. Nusu saa baadaye alianza kuendesha katikati ya barabara, nikamwita, akanijibu kwa jina la mdogo wake. Tungekuwa na akili, tungesimama alipoacha kuongea.

Tofautisheni hali mbili.

Amechoka kwa joto: jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukakamaa, lakini anajua yuko wapi. Mlazeni kivulini, miguu juu kidogo, fungueni vifungo, mpeni maji ya chumvi na sukari kwa mafunda madogo. Leo yeye hasukumi tena pedeli, hata akisema yuko sawa baada ya saa moja. Apande bodaboda.

Amepigwa na joto: amechanganyikiwa, anaongea ovyo, anatapika, anaanguka au anapata degedege, ngozi ni ya moto mno, iwe kavu au na jasho. Hii inaua. Msimpe kitu mdomoni. Mmwagieni maji mwili mzima, yale madumu ndiyo kazi yake, mpepeeni kwa mashati na khanga bila kuacha, wekeni vitambaa vilivyoloa shingoni, kwapani na kinenani. Mmoja apige simu ya gari wakati wengine wanapoza. Mpozeni kwanza, na endeleeni kumpoza ndani ya gari mpaka hospitali. Kutegemea mlipo, ni kurudi Nyamongo au kwenda Mugumu, ambako kuna Hospitali Teule ya Nyerere. Amueni haraka ipi iko karibu.

Namba za simu za watu wenye magari Nyamongo na Mugumu ziandikeni kwenye karatasi kabla ya safari. Simu hukata moto, na mtandao kwenye mabonde ni wa kubahatisha.

## Upande wa Serengeti

Baada ya mapumziko ya mchana miguu itakuwa kama magogo. Dakika kumi za kwanza sukumeni au endesheni pole kabisa, itaachia.

Pancha za upande huu husababishwa na miba ya migunga. Ukibandika kiraka ukaondoka, utapata nyingine mita mia mbele, kwa sababu mwiba bado uko kwenye tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima: kikinasa, ndipo ulipo. Kidole kitupu usitumie.

Kuanzia saa kumi ng'ombe wanarudi nyumbani, na barabara ni yao. Shukeni, simameni pembeni, mwacheni mchungaji afanye kazi yake. Kengele na kelele zinawafanya wakimbie, na ndama aliyevunjika mguu katika nchi hii ni shauri la wazee, hamtaondoka leo.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kukata kupitia hifadhini, waone nyumbu. Hamwezi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yana taratibu zake, wala si mahali pa baiskeli za kujipitia. Simba hamjui mwendesha baiskeli, anajua kitu kinachokimbia. Na hata nje ya mipaka, tembo hutoka usiku kuingia mashambani katika vijiji vya Serengeti. Ndiyo sababu nyingine ya lile sharti la saa 10. Mkimwona tembo mbali, simameni, nyamazeni, rudini nyuma kwa utaratibu. Msimpigie kelele kama mnavyowaona wenye mashamba wakifanya. Wao wana uzoefu na wako wengi.

## Mkifika Mugumu

Msikimbilie bia. Nusu saa ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari, halafu kitu cha kula, halafu kuoga. Hesabuni watu tena, hata kama mnaonana. Kojoeni, mtazame rangi. Mtu ambaye mkojo wake ni wa kahawia iliyokolea kama kahawa na misuli inamuuma kupita kiasi aende hospitali usiku ule ule, asingoje kesho.

Baada ya hapo nyama ni halali yenu, na kichuri, kitoweo chungu cha hapa kwetu, kwa wanaoweza uchungu wake.

Kurudi, wengi hupakia baiskeli kwenye basi au Fuso. Patana bei na konda kabla baiskeli haijapanda juu, maana ikishafungwa kamba bei ni yake. Legezeni usukani muugeuze ulale sambamba na fremu, ng'oeni pedeli mzitie mfukoni, na fungeni khanga kuukuu mahali fremu inapogusana na chuma cha keria. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, tofauti na ya kulia. Nimeona vijana wanne wakining'inia kwenye spana moja stendi ya Mugumu, wakiikaza.